Kabati la Shangazi

Haya mjukuu wangu, nikutegee: kuna mgeni nyumbani, ukimficha ananenepa, ukimtaja anakonda. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni deni.

Radhia aliomba kazi ya kutunza mafaili ya siri ya serikali. Siku ya kuchunguzwa alikiri mwenyewe kwamba bado anadaiwa nusu ya bei ya kabati la vioo.

"Deni peke yake halikunyimi kazi, dada," alisema mchunguzi, Bwana Mbaruku. "Je, mumeo anajua?"

Radhia akatazama viatu vyake. Nyumbani alisema kabati ni zawadi ya shangazi.

"Maana mtu akikwambia, nipe faili ama namwambia mumeo, utafanyaje?"

Radhia aliomba dakika tano, akatoka hadi barazani, ambako mumewe, Shomvi, alikuwa akimngoja, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Shomvi alikunja uso, mara akaangua kicheko. "Kumbe! Ndiyo maana kila nikimshukuru shangazi yako ananitazama kama mwendawazimu! Mke wangu, Mama Nasra wewe! Tutalilipa wote. Hebu rudi ndani, mwenzio anangoja."

Radhia alirudi machozi hayajamkauka, mabega yamemshuka kama mtu aliyetua ndoo. Bwana Mbaruku alikuwa bado ameishika kalamu juu ya karatasi.

"Anajua, kaka," Radhia alisema. "Ni sasa hivi tu, lakini anajua."