Ghala la Pili

"Chombo chako kina wazimu," Theodory aliniambia. "Washa mashine ya kuvuta mahindi!"

Sikuwasha. Nilikuwa ndio kwanza nimekaza waya wa mwisho, ule unaoleta kipimo cha ghala la pili kwenye kompyuta inayoendesha kinu. Ghala lenyewe lilikuwa limetulia, hakuna kilichoingia wala kutoka. Lakini kwenye kioo mahindi yalionekana yakipanda mita moja na nusu, yakishuka, yakipanda tena.

"Mahindi hayapandi yenyewe," nilipiga kelele kushinda mngurumo wa mashine za kusaga. "Kuna kitu kinapita juu ya mahindi, chini ya kipimo."

"Kitu gani? Panya?" Tangu anunue kinu hiki kutoka kwa ushirika, wanaume wa Malangali wanaoingia ghalani na koleo kuvunja mahindi yaliyogandamana alikuwa akiwaita mizigo. Akanizungushia ufunguo usoni. "Mlango nimeufunga mwenyewe mchana. Nyie mafundi wa Mbeya mnajua maneno tu. Pisha!"

Akanisukuma kwa kiwiko, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kijani. Mashine ile ikianza kuvuta mahindi kwa chini, yale ya juu humeza kila kilichosimama juu yake, kama tope.

Nikashusha swichi kuu.

"Mshenzi wewe! Nitakufunga!"

Kinu kizima kikanyamaza. Ndipo sote wawili tukasikia koleo likigonga bati la ghala, kutokea ndani.

Kidole cha Theodory kilikuwa bado kwenye kitufe, na ufunguo wa ghala ukining'inia kwenye kidole hicho hicho.