Mwale wa Tundu la Msumari

Osewe alifunga mlango, akazima taa, akasimama katikati ya chumba akilitazama tundu la msumari kwenye bati. Jua la saa nne lilipenya hapo na kuchora mstari mwembamba hadi sakafuni. Mstari wote ulikuwa umejaa vumbi, zito kama uji wa wimbi.

"Bado," alijiambia. Nyuma ya pazia, Hope akakohoa.

Chumba kilikuwa kimoja tu, pale Lindi, Kibera. Upande wa mlangoni ulikuwa karakana: benchi, msumeno wa umeme na kabati la mteja ambalo halikuwa likiisha. Nyuma ya pazia walilala Osewe, mamake, na Hope, binti yake wa miaka mitano. Mke wake alifariki mwaka juzi, ndipo mama akatoka Ugenya kuja kumlea mjukuu.

Jumatatu daktari wa kliniki hakuwa amemzungusha Osewe kwa maneno. Mtoto ana pumu, na unga wa mbao ndio unaomchokoza. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akasema vumbi litoke kwenye nyumba na mtoto alazwe kichwa kikiwa juu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Akibanwa tena kama juzi, mnaweza msifike hapa."

Maneno hayo Osewe hakuweza kumwambia mamake. Alimwambia tu kwamba daktari anataka mtoto alale kichwa juu. Mama alipouliza daktari alisema nini kingine, alimkatiza.

"Mambo ya mashine niachie mimi, Mama. Wewe shughulika na kichwa."

Basi mama akatoa leso yake kuukuu na sindano, akaketi mlangoni, na jioni hiyo Hope alikuwa na mto.

Kuacha kazi kulikuwa ni njaa. Kuhama nako, waende wapi, na nani atamkodishia fundi mwenye msumeno? Jumanne Osewe alibeba stuli mbili alizotengeneza mwenyewe hadi Kawangware, kwa Muchiri anayeuza vyuma na mota kuukuu, akabadilishana naye kwa mota iliyotolewa kwenye mashine ya kufyonza vumbi la mazulia. Muchiri alimwangalia macho yake mekundu, akampa na bomba la plastiki bila kuitisha kitu.

"Sikiza, boss," alimwambia. "Bomba iwe fupi, na kona zikuwe chache. Kila kona inakula nguvu."

Osewe alizipanga ndoo mbili za rangi, moja juu ya nyingine, akaifunga mota juu kabisa. Hewa iliingia kwa ubavu, ikazunguka, vumbi likaangukia ndoo ya chini, na hewa ikachujwa na kipande cha blanketi kabla ya kutoka kichochoroni. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Lakini siku ya kwanza mashine ilipiga kelele tu, na ule mwale wa jua ukabaki uji.

Akatoa kona mbili. Akaleta mdomo wa bomba karibu kabisa na meno ya msumeno. Kila kiungo akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akakaza mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa ndoo ya chini ilianza kujaa, na vumbi lake lilikuwa jembamba ajabu, kidole kinazama bila kuhisi kitu. Kila alasiri mama aliichukua ndoo na kuirudisha tupu. Osewe alimshukuru Mungu kwa mama asiyengoja kutumwa.

Lakini Hope alizidi. Hilo ndilo lililomtia Osewe wazimu. Mashine ilivyopata nguvu, ndivyo kifua cha mtoto kilivyobana. Akiwa nje na wenzake alikuwa afadhali, hata alicheka. Akilala tu, kifua kinaanza kupiga mluzi. Ni hiki chumba, Osewe aliwaza, kuna mahali bado kinavuja. Akapanda juu ya benchi na kuziba kwa matambara kila upenyo wa ukuta uliokuwa juu ya kitanda. Alikuwa akiomba huku anaziba, na hakujali nani anamsikia.

Gathoni, jirani anayefuga kuku, alisimama mlangoni kulalamika.

"Umekuwa mchoyo siku hizi, Osewe. Ulikuwa unanipea vumbi ya kuku. Wiki nzima wanalala kwa simiti."

"Uliza Mama," Osewe alijibu, bila kushuka benchi.

Jumamosi asubuhi alipasua mbao tano mfululizo, akafunga mlango, akazima taa. Mstari wa jua ulishuka kutoka kwenye tundu la msumari hadi sakafuni ukiwa mtupu. Hapakuwa na hata chembe. Alipitisha mkono ndani yake mara tatu, akaketi chini, akalia kwa furaha.

Kisha akasikia kifua cha Hope, kikipiga mluzi kuliko siku zote.

Alifungua pazia. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Osewe akaiweka dawa mdomoni mwake, akambonyezea mara mbili, akamfunga mgongoni kwa shuka wakimbilie kliniki. Pale mlangoni ile ndoo ya chini ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Hasira zikampanda. Akaibeba aimwage mtaroni, vumbi lote na laana yake.

Mama akamshika mkono. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, sindano imechomekwa kwenye gauni kifuani, na mapajani kwake ile leso ilikuwa imefumuliwa pembe moja.

"Usimwage hiyo," alisema. "Ya leo ndiyo laini kabisa, na mto wa mtoto umebonyea tena."