Mkazi wa Elfu Kumi

Katiba ilisema wazi: eneo likifikisha wakazi elfu kumi, Bunge hulipatia mbunge wake; akipungua mmoja, kiti hufutwa. Mtoto wa Qabale ndiye aliyeitimizia Chalbi hesabu hiyo.

Mbunge alipokuwa akiapishwa kwenye runinga, majirani walijaa sebuleni wakipiga vigelegele na kumwita Qabale "Mama Bunge", naye akavimba kwa fahari. Mama yake, aliyekuja kumtunza alipojifungua, alikuwa akifunga mzigo.

"Baba yako yuko peke yake Moyale, na macho yake unayajua."

"Mama, nawe umehesabiwa. Ukivuka mpaka wa Chalbi, kiti kinakwenda."

"Kwani mimi ni jiwe la mpaka? Nikae hadi lini?"

"Mpaka azaliwe mwingine."

Vigelegele vikakatika. Majirani wote wakamtazama Qabale tumboni.