Urefu wa Mawingu ya Koboko

Ndege ilipochomoza chini ya wingu juu ya Lobule, karibu na Koboko, Lomoro alisoma kipimo: mita mia tisa kutoka ardhini. Akaandika mia mbili.

Ilikuwa Oktoba 1980. Kabla ya vita, yeye na rubani Raphaël, Mkongo, waliajiriwa na watafiti kupima mawingu ya chini ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Watafiti walikimbia. Jeshi la serikali likachukua ndege, na wao wawili pamoja nayo.

Sasa kila asubuhi kamanda wa uwanja wa Arua alitaka kujua jambo moja tu: mawingu ya Koboko yako juu kiasi gani? Yakizidi mita mia tano, helikopta zitakwenda kupiga mabomu huko.

Huko chini barabara ilijaa watu wanaokimbilia mpakani: mikeka, baiskeli, wazee waliobebwa mgongoni. Waliposikia injini walijitupa kwenye mihogo. Mama mmoja alimlalia mwanawe. Kati yao alikuwemo Norah, mke wa Lomoro, mwenye mimba ya miezi minane. Walihitaji siku moja zaidi.

Raphaël aliipandisha ndege haraka, ikarudi ndani ya wingu.

"Umeona watu?" Lomoro aliuliza.

"Mimi naangalia kazi yangu. Daftari iko yako."

Jibu hilo lilimtisha. Kipimo kilikuwa mbele ya macho ya rubani pia, na kamanda alimpa sigara kila jioni. Neno moja lingetosha.

Siku mbili za kwanza za uongo huo kamanda alisoma daftari tu. Siku hii ya tatu askari waliwangojea ndege ilipotua. Raphaël aliingizwa ofisini peke yake. Lomoro alibaki juani, akiomba kimoyomoyo rubani aseme hakuona kitu.

Hatimaye aliitwa. Raphaël alikuwa ameketi, kichwa chini.

"Mawingu?" kamanda aliuliza.

"Iko chini sana, afande. Mita mia mbili."

Kamanda alimgeukia rubani. "Rudia uliyoniambia."

Raphaël aliinua uso, akamtazama Lomoro.

"Mita hamsini, afande."

Kamanda alilifunga daftari taratibu, akawaita askari.

"Ndege moja, vipimo viwili. Wafungeni wote wawili," alisema. "Na helikopta ziruke."