Mtihani wa Ngazi

Kila mwaka, wakazi wa ghorofani walitakiwa kushuka kwa ngazi ya zimamoto ndani ya dakika tatu. Aliyeshindwa alihamishiwa nje ya mji, na aliyefaulu hakuruhusiwa kumfuata.

Mzee Shemdoe alitoa mguu mmoja dirishani, akatazama chini, akarudi ndani.

"Imenishinda, mke wangu. Wewe shuka, ubaki na wajukuu."

Bi Namkunda alikwisha kuamua kujifanya naye imemshinda, waondoke wote. Lakini alipokanyaga kidato cha kwanza, miguu ilimchukua yenyewe hadi chini.

"Dakika moja na nusu! Hongera sana, mama," alisema askari wa zimamoto.

Bi Namkunda aliinua macho. Kule dirishani mumewe alikuwa akimpigia makofi, naye akajikuta anatabasamu.