Dume la Orville

"Ni dume," nilimwambia jirani yangu Orville, mkasi wa miti mkononi. "Muda wote huu ulikuwa unamwagilia dume, mzee wangu."

Mmea wake wa hopsi ulikuwa umepanda kamba hadi kwenye paa, lakini haukuwa na koni hata moja, yale maua ya kike ya kutia bia uchungu. Ulijaa vishada vya maua ya kiume, madogo kama punje za mtama, karibu kupasuka. Yakipasuka tu, upepo utaleta chavua uani kwangu, na hopsi ninazokuza kwa bia ya harusi ya binti yangu zitajaa mbegu na kuharibu ladha.

"Labda umechelewa tu kuzaa," akasema.

"Na jogoo naye kachelewa kutaga? Bonde zima la Yakima watu wanang'oa madume, wewe lako unalifungia kamba!"

Hakucheka. "Mke wangu ndiye aliyeuchimba kule mtoni, kabla hajalazwa. Alitaka tunywe bia yake."

Nikainama, nikashika shina. Vinywele vyake vikali vilinikwaruza kiganja. Chini kabisa, pale lilipofungwa mara ya kwanza, palikuwa na kipande cha aproni ya marehemu, kile kitambaa chenye picha za cheri nyekundu, kimefungwa kwa fundo la kipepeo.

Nikaufungua mkasi. Nikaufunga bila kukata kitu.

"Tunavitoa vishada vyote leo, kimoja kimoja," nikasema. "Na kila kiangazi tutarudia, Orville, na sitaki kusikia habari za mgongo kuuma. Lete ngazi."

"Ipi?"

"Zote mbili."