Kicheko cha Mbele ya Shuka

Mama Picha alikuwa ameshachomoa nyaya zote, imebaki taa moja, pale mwanamke alipoingia na mtoto mgongoni. Tangu amzike mumewe, Mama Picha alipiga picha za pasipoti tu. Kila mteja alimwambia yale yale: tazama hapa, usicheke. Hakusikia uchungu wala nafuu. Leo alikuwa anafunga studio moja kwa moja.

"Huyu tu, mama yangu," mwanamke aliomba. "Baba yake anatungoja huko ng'ambo."

Mtoto hakuweza kukaa peke yake. Basi mama yake alijifunika shuka jeupe gubigubi, akamshika makwapani kutoka ndani, ili nyuma paonekane weupe mtupu.

"Leo nimekuwa kiti," sauti ilisema ndani ya shuka. "Mwenzangu anafanyaje?"

"Amenuna kama karani."

Mama Picha akainua kamera. Mtoto akaikodolea macho, kisha akaangua kicheko, ufizi wote nje, vidole vya miguu vimejikunja. Kamera ikalia.

Shuka likatulia tuli. "Ni yeye huyo? Hajawahi kucheka hata siku moja! Na mimi nimo humu!"

Picha ya kicheko isingepokelewa kwenye pasipoti. Mama Picha aliweka kidole gumba kwenye kitufe cha kufuta, kama alivyozoea. Kidole kikakaa hapo. Vile vidole vya miguu vilikuwa vimeshakunjuka.

"Kaa humo humo, mwanangu," alisema. "Tutapiga nyingine ya serikali. Hii ni yako."

Akapiga magoti chini ya meza, akautafuta waya wa printa.